Kupiga picha Puzzlewood na treni ya mvuke ya Dean: mwanga, shata na masizi

Msitu wa Dean uko magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Gloucestershire, karibu na mpaka wa Wales. Ndani yake kuna vitu viwili vinavyotosha siku nzima ya kamera: Puzzlewood, pori dogo la kulipia kiingilio karibu na mji wa Coleford, na Dean Forest Railway, reli ya zamani iliyohifadhiwa inayoendesha treni za mvuke kwa takriban kilomita 7 kati ya Lydney na Parkend. Kutoka pori hadi Parkend ni mwendo mfupi wa gari. Tatizo ni kwamba mpangilio wa kamera unaofaa porini unaharibu picha za treni, na wengi hufika stesheni kamera ikiwa bado na mipangilio ya msituni.

Anza na pori, asubuhi, na omba mawingu. Jua kali ndilo adui mkubwa wa Puzzlewood: linapenya matawini na kuacha mabaka meupe juu ya mawe, huku vivuli vikiwa vyeusi tititi, na hakuna kamera inayomudu vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Siku ya mawingu, hasa mvua ikishakatika, mwanga unasambaa sawasawa na kuvumwani (vimea laini vinavyofunika mawe) kunakuwa kijani kibichi hasa. Ukungu ukiwapo, ghairi kifungua kinywa uende.

Ardhi ya pale si ya kawaida. Mashimo na korongo zake wenyeji huyaita scowles. Ni mapango ya asili yaliyoporomoka, kisha watu wakayachimba kutafuta madini ya chuma tangu enzi za Warumi na hata kabla. Mwaka 1848 wafanyakazi waliondoa jiwe wakakuta zaidi ya sarafu 3,000 za Kirumi zimefichwa nyuma yake. Hii inakuhusu wewe mpiga picha kwa sababu kuta zile za mawe ndizo zinazoipa picha kina. Ukipiga miti mitupu unapata fujo ya matawi. Tafuta mti mmoja wa yew ambao mizizi yake imelishika jiwe na kuteremka ukutani, usogelee hadi ujaze theluthi mbili za fremu, kisha acha kijia kionekane pembeni. Anga iache nje ya picha kabisa, maana hata kijitundu kidogo cheupe juu kitavuta jicho la mtazamaji kuliko mti wenyewe.

Weka kamera kwenye tripodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 au f/11, na upige faili za RAW (data ghafi ya kamera). Kichujio cha polaraiza ni lazima, si anasa: majani na mawe yaliyolowa yanang'aa weupeweupe, na ukizungusha kichujio taratibu utaona mng'ao ukitoweka na rangi ikijaa. Kinakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu ni kupungua kwa nusu), hivyo shata, yaani muda kamera inapopokea mwanga, itashuka hadi sekunde 2, 3 au zaidi. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera, na uzime kizuia mtikisiko cha lenzi, kwa sababu baadhi ya lenzi kikiwashwa juu ya tripodi huleta mtikisiko chenyewe. Kinachoharibu picha nyingi ni upepo. Kangaga hutikisika hata usipousikia mwilini. Subiri utulie, au piga picha ya pili kwa ISO 1600 na shata fupi ya majani peke yake, uziunganishe nyumbani.

Rangi nayo ina mtego. Mwanga uliochujwa na majani una ukijani, na kamera ikiachiwa mizani ya rangi yenyewe hubadilika kila fremu. Ifunge kwenye 5,500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) hivi, kisha urekebishe zote pamoja kwenye kompyuta, ukisogeza kidogo upande wa magenta. Usiongeze ukolezi wa kijani. Kuvumwani kunaishia kufanana na plastiki.

Vijia ni vyembamba, vina ngazi za mawe zinazoteleza, na wikendi watoto ni wengi. Uliza mapema kuhusu siku za kufunguliwa, tiketi na kama tripodi inaruhusiwa siku hiyo. Kazi ya biashara huhitaji kibali.

Kabla ya kuingia garini kwenda relini, toa polaraiza, pandisha ISO, washa kizuia mtikisiko na ubadili fokasi iwe ya kufuatilia. Polaraiza iliyosahaulika ndiyo chanzo cha treni nyingi zenye ukungu wa mwendo.

Reli hii inafuata bonde la mto Lyd, kwenye njia iliyojengwa ili kutoa makaa ya mawe na chuma msituni. Huduma ya kawaida ya abiria kaskazini mwa stesheni ya Lydney Town ilikoma mwaka 1929. Kwa kuwa treni inapanda kuelekea Parkend, injini hufanya kazi zaidi upande huo, na moshi ni mzuri zaidi. Kurudi Lydney ni mteremko, dereva hufunga mvuke na dohani inabaki tupu. Hewa ya baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, hufanya mvuke uonekane mzito. Mchana wa joto wa Julai hutoweka karibu mara tu unapotoka. Siyo kila siku treni zinatembea, na kiangazi kikikauka sana dizeli inaweza kuchukua nafasi ya injini ya mvuke kwa kuhofia moto. Soma ratiba ya siku husika.

Reli za namna hii huenda maili 25 kwa saa kwa ukomo, yaani mita 11 kwa sekunde. Ukipiga ubavuni kwa shata ya 1/500 ya sekunde, treni inasogea sentimita 2 na kitu shata ikiwa wazi. Kwa 1/1000, sentimita 1. Ndiyo maana ubavu unataka 1/1000, lakini treni inayokuja kwako kwa pembe inatosheka na 1/500. Siku ya mawingu anza na f/5.6, ISO 800, halafu kagua histogramu (grafu ya mwanga wa picha). Kipima mwanga kikiona mvuke mweupe hutia giza injini, na kikiona injini nyeusi huunguza mvuke. Pima kwenye majani ya kando kabla treni haijafika, funga mpangilio kwa mkono, na ushushe theluthi mbili za stopu jua likiwaka. Tumia shata ya kimakanika. Ile ya kielektroniki hupinda magurudumu kwenye picha.

Simama upande ambao upepo unatokea, ili moshi uende mbali nawe. Jukwaani pa stesheni, kwenye vivuko vya barabara na reli vya Whitecroft (kituo cha njiani) na Parkend, au barabarani panatosha. Kuingia relini bila ruhusa ni kosa la jinai. Parkend ina zawadi yake: injini inaachana na mabehewa na kuzunguka kuyashika upande wa pili. Kwa lenzi ya milimita 85 hivi, ukiwa jukwaani, utampata mchochea moto akiwa katikati ya bafa (vizuia mgongano vya mabehewa), glavu nyeusi, akiinua mnyororo mzito. Lenga mikono yake.

Jioni usifute lenzi kwa kitambaa moja kwa moja. Chembe za makaa ni ngumu na zitakwaruza kioo. Zipulize kwanza kwa pampu ya mpira, zipige brashi, ndipo ufute.