Mwanangu, kusikia unasikia

Mwanangu, ile voisi yako nimeiskiza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwa matatu natoka Njoro, ya pili nikiwa nimefika nyumbani nimetulia. Unauliza mbona mke wako anasema humskizi na wewe unaweza kurudia kila neno alisema. Nakuamini, kichwa chako tangu utoto kinashika maneno. Lakini yeye hakuuliza kama umeyashika.

Mimi hii kitu nilifunzwa nikiwa tayari nesi wa miaka mingi. 2001 vituo vya VCT, vile vya ushauri na kupima HIV kwa hiari, vikianza kufunguliwa hapa Kenya tulipelekwa kozi ya kaunseling, mwalimu akatueleza juu ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, yeye na Richard Farson waliandika 1957 ati ukiskiza mtu fuata maneno na pia ile hisia imebebwa na maneno, halafu mrudishie kwa lugha yako uone kama umempata. Nikaona ni rahisi. Kumbe. Siku moja tukingoja kipimo, ile ya dakika kama 15, mama mmoja akaniambia, "Nesi, ikipatikana niko nayo, sijui nitaambia nani kwa hiyo boma." Nikamjibu mbio: kuna kikundi, kuna kliniki, rudi Jumanne. Yote ilikuwa kweli. Akakaza leso yake akanyamaza, na Jumanne hakurudi. Miaka yote hii bado naona ile mikono ikikaza leso.

Baadaye nilisoma kuna watafiti, Watson, Barker na Weaver, 1995 walitoa aina nne za kuskiza: kuna wenye wanamfuata mtu na hisia zake, kuna wenye wanatafuta cha kufanya, kuna wenye wanataka kuchambua habari yenyewe (babako huyo, lazima ajue nani alisema na saa ngapi), na kuna wenye wako na saa mkononi. Zote ziko na kazi yake. Wewe ni wa cha kufanya, na kwa ufundi wa stima hiyo imekulisha, mteja akisema taa zinazima akiwasha koili wewe umeshafika kwa waya.

Sasa mke wako anatoka kuuza soko la Kibuye jioni, anakuambia venye jirani wa kibanda alimfokea mbele ya wateja, hajamaliza umesema "hama hiyo laini." Unajua ni kwa nini unafika huko haraka? Kulikuwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ralph Nichols, alieleza mtu huongea kama maneno 125 kwa dakika na akili inakimbia kushinda hiyo mara kadhaa, kwa hivyo kuna nafasi inabaki, na wewe hiyo nafasi unaijazanga na suluhisho. Ijaze na yeye. Angalia uso, angalia ni neno gani amerudia, halafu sema tu, "Kumbe alikuaibisha mbele ya watu wako," na ungoje. Atakuwa kimya kidogo, usiogope, ataendelea.

Na kama hujui anataka nini muulize, "Nikuskize tu ama tutafute cha kufanya?" Ukiwa umechoka pia sema, mpe saa, "nioge nikuje," na ukuje kweli, simu ukiwa umeiacha bedrumu.

Jaribu leo usiku. Usinipigie kuniambia alisema nini, hiyo ni yenu wawili.

Mamako