Svastika mlangoni, ughaibuni

SWALI: Wahariri, salaam. Sisi ni Wahindu wa hapa Mombasa. Kila Diwali, sikukuu yetu ya taa, tunachora svastika, msalaba wenye ncha zilizopinda, mlangoni na kwenye daftari jipya la hesabu za duka. Mwaka huu binti yetu yuko Ujerumani kimasomo, na wenzake wamemwambia akiichora atafungwa. Ni kweli? Na je, alama hii itawahi kutoka mikononi mwa Wanazi? – Mama wa Makadara

JIBU: Mama, tuanze na hilo la jela. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi. Adhabu ni faini au kifungo kisichozidi miaka 3. Hakilengi ibada. Mwaka 2007 Ujerumani ilipotaka marufuku hiyo ienee Umoja wa Ulaya mzima, Wahindu walipinga na wazo likaachwa. Lakini jirani akishtuka na kupiga simu, polisi watafika kabla ya maelezo. Kwa hiyo aichore upande wa ndani wa mlango, au mahali pa kuswalia.

Atumie kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, au punje za mchele, ikae wima, na kila pembe aitie kitone, jumla 4. Ndugu zetu Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, huongeza juu yake vitone 3 na mwezi mwandamo. Asitumie rangi nyeusi, wala duara jeupe juu ya nyekundu: hiyo ndiyo bendera ya chama cha Hitler tangu 1920, na msalaba wake umeinamishwa nyuzi 45.

Asijitetee kwa kusema “yetu imeelekea upande mwingine”. Wengi wanaamini hivyo, na ni kosa. Ya Wahindu aghalabu huelekea kulia, sawa na ya Wanazi. Inayoelekea kushoto ni ya Mabudha, na Japani huitumia kwenye ramani kuonyesha hekalu.

Ama kuikomboa: kwenu haikupotea. Jina lake la Kisanskriti linabeba maana ya heri, na maana hiyo haijatoka Mombasa wala Gujarat kule India. Ulaya ni kwingine. Huko kuna watu ambao jamaa zao waliuawa chini ya bendera ile, na hakuna anayewadai wazoee. Mwaka 1940 Wanavaho, Wahopi, Waapachi na Wapapago, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, walitia saini kuiacha alama yao ya kale yenye umbo hilohilo katika mablanketi na vikapu, kwa kuchukizwa na Wanazi. Uamuzi huo tunauheshimu, ila hatuoni kwamba mwenye dini analazimika kuufuata.

Kinachosaidia ni kutenganisha majina. Wajerumani wenyewe waliiita ya Wanazi Hakenkreuz, yaani msalaba wa kulabu. Jimbo la Victoria, Australia, lilitumia jina hilo katika sheria yake ya 2022: Hakenkreuz marufuku hadharani, Wahindu, Mabudha na Wajaini waachwe na svastika yao.

Binti awaeleze anaoishi nao siku kadhaa kabla ya Diwali, akiwaonyesha picha ya mlango wenu. Akingoja waulize, watakuwa wameshaogopa.