Jibu: Bakteria na mwani katika maji yenye sumu

Ndugu, umeuliza kama bakteria wanaoishi na mwani wa hadubini baharini huongeza madhara ya uchafuzi au huyapunguza. Inategemea sumu na aina ya bakteria, jambo ambalo majaribio ya mwani uliotakaswa bakteria wote hulificha. Shaba itokayo kwenye rangi za matumbo ya meli, ambayo mwani huihitaji kwa kiasi kidogo mno, ikizidi huvuruga usanisinuru na kuzuia seli kugawanyika; hapo baadhi ya bakteria hutoa kemikali zinazoifunga shaba hiyo isipenye ndani ya seli, na wengine huupa mwani vitamini B12, ambayo spishi nyingi haziwezi kujitengenezea. Wapo pia wauaji: Kordia algicida hutoa vimeng'enya vinavyopasua seli za diatomu, kundi mojawapo la mwani huo wa hadubini.