Mume hataki chanjo ya malaria

Dada, pole. Mumeo anasema kampuni za dawa zinawafanyia majaribio watoto wa Kiafrika, nawe uko katikati na mtoto wa miezi 6. Usimwone mjinga. Hofu yake ina mizizi: Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya dawa ya Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto wagonjwa, wazazi wakasema hawakuelezwa. Mwaka 2009 ikakubali kulipa fidia.

Lakini R21, chanjo hii ya malaria, ilikwisha kujaribiwa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 4,800, ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza Oktoba 2023. Uganda tumeanza Aprili 2025: mtoto huchanjwa akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18, bure.

Huku Arua nilikwenda kituoni na mume wangu. Akashika kichupa, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, akamuuliza nesi mpaka akaridhika. Usiku mtoto akapata homa kidogo, paja likavimba; kesho yake jioni anacheza. Nanyi nendeni pamoja, na kadi ya mtoto. Kama ana homa kali, au aliwahi kupata degedege au mzio, semeni kabla ya sindano. Homa ikiendelea siku ya pili, au akikataa kunyonya, rudini upesi. Chandarua msikiache, maana chanjo haizuii malaria yote.

Usimchanje kwa siri, nakuomba. Sheria ya Chanjo ya 2017 inamlazimu mzazi kuchanja mtoto, ila usimtishe mumeo kwa polisi. Mtu mwenye hofu akitishwa huzidi kufunga mlango.