Kabla ya kupima, unauliza nini?

Nikipokea pendekezo la utafiti la mwanafunzi mpya, jicho langu hutangulia kutafuta alama ya kuuliza. Mara nyingi siioni. Naona "Athari za mwanga kwa ukuaji wa maharage". Hiyo ni mada, na mada haina jibu. Andika hivi: je, miche inayopata mwanga saa 8 kwa siku hurefuka kuliko inayopata saa 12? Sasa unajua rula uiweke wapi, na unajua ni jibu gani litakalokukatalia.

Mimi nilifumbuliwa macho na kisa cha Ignaz Semmelweis, daktari katika hospitali kuu ya Vienna. Mwaka 1846, kati ya kila akina mama 100 waliojifungulia wodi ya kwanza, 11 hivi walikufa, hasa kwa homa ya uzazi. Wodi ya pili hawakufika 3. Wengi waliuliza homa hii inatoka wapi, wakajijibu kwa hewa mbaya. Yeye akauliza: kwa nini huku, na si kule? Hilo "si kule" ndilo lililobeba kazi yote, maana hewa ya jiji ilikuwa moja.

Kila dhana akaigeuza swali dogo. Ni msongamano? Wodi ya pili ndiyo iliyojaa zaidi. Ni hofu ya kengele ya padri anayekwenda kwa wanaokata roho? Padri akapitishwa njia nyingine, bila kengele. Vifo vikabaki vile vile. Ni namna ya kulala wakati wa kujifungua? Wakalazwa ubavu. Wapi!

Nawasihi msizione "hapana" hizo kuwa kazi bure. Zilimpunguzia pa kutafuta. Mwaka 1847 mwenzake, Jakob Kolletschka, alichomwa kisu kidoleni maiti ikipasuliwa, akafa kwa dalili zinazofanana na za wale akina mama. Wodi ya kwanza ilihudumiwa na wanafunzi wa udaktari waliotoka kupasua maiti. Ya pili na wakunga. Je, mikono ikioshwa kwa maji ya klorini, vifo vitashuka? Vilishuka mno.

Kwenye daftari langu la maabara, kila ukurasa huanza na swali, na chini yake mstari mmoja: "Nikiona hivi, nimekosea." Uandike mstari huo kabla hujagusa kifaa. Ukingoja matokeo, utaukata kwa kipimo chake.