Aliuzwa kwa Guldeni 300

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni hadithi gani ya mapenzi na ndoa iliyokuchekesha, na kicheko kilipokwisha ukabaki nayo moyoni?" Yangu inatoka mbali, Bohemia, nchi ambayo leo imo ndani ya Jamhuri ya Cheki, nayo ni opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Kwa Kicheki inaitwa Prodaná nevěsta, yaani Bibi Harusi Aliyeuzwa. Muziki ni wa Bedřich Smetana, maneno ni ya Karel Sabina, na ilichezwa mara ya kwanza mjini Prague tarehe 30 Mei 1866. Niliitazama kwenye simu, usiku, na nimeshairudia mara kadhaa.

Kijijini ni sikukuu ya kanisa. Watu wanaimba na kucheza, ila Mařenka hana raha. Baba yake, mzee Krušina, anadaiwa na tajiri mmoja, Tobias Mícha, na deni hilo limegeuka ahadi: Mařenka ataolewa na mtoto wa Mícha, kijana ambaye hajawahi kumtia machoni. Na moyo wake umeshakwenda kwa Jeník, mgeni pale kijijini. Habari za Jeník hazijulikani sana. Anachosema ni kwamba mama yake alifariki, baba akaoa mke mwingine, na mama wa kambo akamfukuza nyumbani.

Kisha anaingia Kecal, mshenga. Huyu ndiye aliyenifanya nikae vizuri kwenye kiti. Sauti yake ni nzito, maneno yanamtoka kama maji ya bomba, hakuna anayepata nafasi ya kusema mbele yake. Anamsifia kijana: mpole, mtulivu, na mali ipo. Wanamuuliza, mbona hukuja naye? Anajibu kwamba kijana ana haya, hajazoea kuzungumza na wanawake. Hapo hapo, kwa kupitia tu, linatajwa jambo moja: Mícha ana watoto wawili wa kiume. Yule wa kwanza, wa mke aliyefariki, Kecal anasema hana maana, alipotea siku nyingi na huenda ameshakufa. Anayeposa ni wa pili, Vašek. Mara ya kwanza sikulitia maanani kabisa.

Nilimfahamu Kecal kwa sababu nimewahi kumsikia. Siku alipoposwa binamu yangu nilikuwa naye chumbani, mlango umerudishwa nusu, mshenga yuko sebuleni anamwaga sifa za kijana. Kila sifa ilipotajwa, binamu yangu alinibana mkono. Shangazi alipokuja kumuuliza kama ameridhia, vikombe vya chai vilikuwa vimeshaanza kukusanywa. Aliitikia kwa kichwa. Ndoa yake ni nzuri mpaka leo, namshukuru Mungu, lakini ule mkono sijausahau, na kila nikimwona Mařenka amesimama kando wazazi wakijadiliana, naukumbuka.

Sasa kichekesho chenyewe. Kecal anamchukua Jeník pembeni kumnunua. Kwanza anamwahidi msichana mwingine mwenye mali. Jeník hataki. Anaanza kutaja fedha, anapanda mpaka guldeni 300, fedha za huko enzi hizo, na Jeník anakubali kumwacha mchumba wake. Anaweka sharti: mkataba uandike kwamba Mařenka haolewi na mwingine yeyote ila mtoto wa Mícha. Na deni la Krušina lifutwe. Kecal anaona kijana mwenyewe anamrahisishia kazi, anaandika haraka. Anaita wanakijiji wawe mashahidi, anasoma kwa sauti. Mwanzoni Krušina na watu wote wanashangazwa na wema wa Jeník, kijana aliyejitoa kwa ajili ya mwenzake. Ikisomwa ile 300, sura zinabadilika. Amemuuza! Wanamzomea, na Jeník anatia sahihi katikati ya kelele.

Msomaji ameshang'amua. Jeník ndiye yule mtoto wa kwanza aliyedhaniwa amekufa. Karatasi inasema "mtoto wa Mícha", haisemi yupi. Kecal, bingwa wa maneno, amejifunga kwa maneno yake mwenyewe, na fedha za kumnunua mwana zitabaki kwa mwana.

Nilicheka, tena sana. Lakini angalia nani hajui. Mařenka hajui. Baba aliahidi bila kumwambia, mshenga alipanga bila kumwambia, na sasa hata yule anayempenda ameandikiana mkataba juu yake bila kumwambia. Analetewa ile karatasi kama habari ya kifo. Kwanza anakataa kuamini, mpaka anaonyeshwa sahihi. Wazazi wa pande zote mbili na Kecal wanamzunguka wanamwimbia, taratibu kabisa, afikirie vizuri. Wanatoka, anabaki peke yake, na okestra iliyokuwa ikirukaruka na polka, ngoma ya Kicheki, tangu mwanzo inatulia. Anaimba jinsi ulimwengu uliokuwa mzuri jana ulivyochuja rangi. Hakuna kichekesho ndani ya wimbo huo. Smetana hakumtania hata kwa noti moja ya muziki, na mimi nampenda kwa hilo.

Jeník anapofika amechangamka. Anataka kumweleza, lakini anacheka, na Mařenka kwa hasira hataki kusikia. Wapo wanaosema kosa ni la msichana, angesikiliza. Mimi nasema hapana. Mtu aliyemwambia asubuhi kwamba mapenzi yao hayatavunjika, angeweza kumnong'oneza neno moja kabla ya kushika kalamu. Siri ile ilikuwa ya maisha ya watu wawili, akaibeba mmoja. Najua akimwambia mapema hadithi inakwisha, na opera isingekuwepo. Hata hivyo machozi ya Mařenka ni ya kweli, na nisingependa dada yeyote aandaliwe furaha yake kwa njia hiyo.

Mwisho unakuja kwa haraka. Mícha na mkewe Háta wanamtambua Jeník. Mařenka anaambiwa achague kati ya watoto wawili wa Mícha, na hapo, kwa mara ya kwanza, swali linakuja kwake yeye, mbele ya kijiji kizima. Anamchagua Jeník. Kecal anakimbia na aibu yake.

Nimemwacha Vašek makusudi, kwa sababu ndiye anayenikaa zaidi. Vašek ana kigugumizi. Anapoingia jukwaani mara ya kwanza anajaribu kusema kwamba mama yake amemtuma, na neno lenyewe linamgomea: ma, ma, ma. Smetana ameandika kule kukwama ndani ya muziki wenyewe, noti inarudi na kurudi mpaka neno lipite. Smetana huyo alisomeshwa kwa Kijerumani, lugha ya waliotawala, akaja kujifunza kuandika Kicheki vizuri akiwa mtu mzima. Ninapomsikia Vašek anapambana na neno la kwanza ambalo kila mtoto hulijua, siwezi kuamini kwamba mtunzi alitaka tumcheke tu.

Naye pia hakuulizwa. Mama yake ameamua aoe, ataoa. Mařenka anamkuta, anajifanya mtu mwingine, anamtisha kwamba huyo Mařenka atamtesa mpaka afe, na Vašek anaapa hatamwoa. Baadaye kikundi cha sarakasi kinaingia kijijini. Vašek anamwona mchezaji mmoja, Esmeralda, anampenda palepale. Mtu wao anayecheza dubu amelewa hajiwezi, Vašek anaombwa avae ile ngozi, anakubali kwa ajili ya Esmeralda.

Ile usiku ya kwanza mwaka 1866 watazamaji walikuwa wachache. Joto lilikuwa kali na vita na Prussia, dola ya Kijerumani, ilikuwa mlangoni. Smetana aliibadilisha opera yake mara kadhaa, ikapata sura tunayoijua tarehe 25 Septemba 1870. Mwaka 1882 ilipochezwa mara ya 100, yeye alikuwa ameshapoteza uwezo wa kusikia tangu 1874. Dubu alikuwa bado yumo.

Basi wakati kila mtu anamshangilia Mařenka na Jeník, zinasikika kelele za watoto: dubu amefunguka! Watu wanatawanyika. Anaingia dubu, na kutoka ndani ya manyoya inatoka sauti ya kijana akiwaambia wasiogope, yeye si dubu, yeye ni Vašek. Mama yake anamkokota ndani kwa aibu. Lakini amelisema jina lake mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, na hakutumwa na mtu kulisema.