Neno nililomwandikia Mama Mkubwa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ni neno gani la undugu la Kiswahili ambalo hujawahi kulipatia Kiingereza chake?" Nilianza kuwajibu kwa ujumbe mfupi, nikataja mkaza mjomba na mke mwenza, kisha nikafuta. Swali lenu limenigusa pengine.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari, hapa Temeke. Kila Januari napokea Kidato cha Kwanza waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tukifika mada ya familia haikosi mtoto wa kuuliza: "Mwalimu, baba mdogo ni 'uncle', na mjomba naye ni 'uncle'?" Nikijibu ndiyo, darasa zima linaguna. Wana haki ya kuguna. Kwetu Waislamu baba mdogo anaweza kuwa walii akakuozesha, mjomba hawezi. Utawaitaje jina moja? Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba kwenye undugu Kiingereza ni maskini.

Sasa nieleze kilichonifanya nifute ule ujumbe.

Mama yangu mzazi alikuwa mke mdogo. Aliachika nikiwa na miaka minne, akarudi kwao Tanga, akaolewa huko. Mimi nikabaki Tandika kwa baba na mke wake mkubwa, ambaye nimemwita Mama Mkubwa tangu nilipojua kusema. Baba alifariki 1998. Eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi, wazee wa upande wa baba wakaja kuzungumzia mirathi, na mmoja akauliza mimi nitakwenda kwa shangazi yupi. Mama Mkubwa akajibu kutoka jikoni, bila hata kutoka nje: "Huyo haondoki. Kama mnataka kugawa, gaweni makochi." Tangu siku hiyo mpaka namaliza chuo, ada yangu ilitoka kwenye kikaango chake cha vitumbua.

Mwaka jana nilimpeleka kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Hospitali siitaji. Tulifika saa moja asubuhi, kijana wa mapokezi, mstaarabu tu, akamwamkia, kisha akanipa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Fomu yote Kiingereza. Jina, umri, mtaa, dawa anazotumia, nikajaza. Pa ndugu wa karibu nikaandika jina langu. Mbele yake pakaandikwa "Relationship", halafu mstari wa nukta usiozidi urefu wa kidole changu cha shahada.

Kalamu ikasimama. Kijana alikuwa amenisikia nikisema Mama Mkubwa, akanisaidia: "Andika 'niece' tu, dada." Lakini mimi si mtoto wa mdogo wake. "Daughter" nikaliogopa, nikaona ni kusema uongo kwenye karatasi ya hospitali, na mimi mwalimu wa lugha. Nikaandika "stepdaughter", kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaridhika kwamba nimepatia.

"Nisomee," akasema.

Jicho la kulia lilibakiwa na mwanga tu, la kushoto nalo lilishaanza ukungu. Mama Mkubwa hajawahi kuweka sahihi kwenye kitu asichokijua, ndiyo maana nyumba ya Tandika ipo mpaka leo. Alinishika mkono, juu kidogo ya saa, nikamsomea mstari kwa mstari nikigeuza Kiswahili. Nilipofika pale, kwa sauti ileile niliyosomea majina ya dawa, nikasema: "Ndugu wa karibu, mimi. Uhusiano, mtoto wa kambo."

Mkono hakuutoa. Ila vidole vililegea, vikawa vimelala tu juu ya ngozi yangu. Kijana akaita mgonjwa mwingine. Mama Mkubwa akauliza taratibu, "Kambo umelitoa wapi?" Nikamwambia ndivyo Kiingereza kinavyosema. Akasema, "Aah." Akavuta kanga begani, akaomba kalamu, nikamwonyesha pa kusaini kwa kumgusisha kidole kwenye karatasi. Jioni tukirudi na bajaji, jicho limefunikwa pamba, aliniuliza kama nimekula. Hilo neno hakulirudia, wala mimi.

Halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu. Mimi na wanawe watatu tulichapwa kwa fimbo moja na tukala sinia moja.

Nilipoketi kuandika nilikusudia kukilaumu Kiingereza. Katikati nikainuka kufungua kamusi kubwa, ile inayoeleza maneno yalikotoka. "Aunt" limetoka kwenye amita ya Kilatini, na amita alikuwa shangazi hasa. Dada wa mama alikuwa na neno lake, matertera. "Uncle" limetoka kwenye avunculus, yaani mjomba. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na neno la shangazi peke yake na la mama mdogo peke yake, yakapotea. Na hiyo "step" ya "stepdaughter" haihusiani na hatua wala ngazi. Asili yake ni neno la kale la kufiwa, la uyatima. Nimeusoma mstari huo mara tatu. Mimi ni mtoto aliyefiwa na baba, akabaki na mke wa baba. Kiingereza hakikunitukana. Kilicholegeza vile vidole ni kambo, na kambo ni la kwetu.

Na sisi tuna lipi la kuweka badala yake? "Mlezi" hata wa skauti anaitwa hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, lakini mtoto aliyelelewa na mke mwenza wa mama yake bado hana jina lisilouma. "Mama Mkubwa" lenyewe halisemi sana, linaweza kuwa dada wa mama. Linatosha kwa sababu anayeitika ni yeye.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka. Neno lilikuwepo. "Daughter", herufi nane, mstari ule ungelibeba. Nililiogopa mimi.

Lakini simwambii kila mtu aandike hivyo. Panapoulizwa damu, sukari na presha za ukoo, zangu ni za Tanga, na daktari lazima aambiwe. Na kwenye mirathi ya Kiislamu mimi simrithi Mama Mkubwa, wala yeye hanirithi. Ana wanawe, na sitaki karatasi yoyote niliyoijaza mimi ije iwasumbue.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao. Nadhani nitaandika "daughter". Nitamuuliza kwanza, maana safari ile sikumuuliza.

Mwalimu, Temeke